Mfumo Endeshi Huria katika Ofisi za Mbulu na Hanang: Historia Inatufundisha Nini?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya viraka vya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Mtumishi wa Katesh au wa Mbulu mjini aliwasha mashine yake kesho yake na kukuta barua na majedwali yake mahali pake. Kilichobadilika hakionekani kwa macho: kila ufa wa usalama unaogunduliwa baada ya tarehe hiyo hubaki wazi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kupata huduma ya nyongeza. Windows 11 nayo hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na vichakato vya kuanzia takriban mwaka 2018. Kompyuta nyingi za ofisi zetu, ambazo bado zina nguvu ya kuandika barua na kufungua kivinjari, zimeachwa nje ya mlango.

Ofisi iliyo katika hali hiyo ina njia tatu. Inaweza kununua mashine mpya, kuendelea na ya zamani bila ulinzi, au kuweka mfumo endeshi huria kama Ubuntu, Debian au Linux Mint. Njia ya tatu huzungumzwa na vijana wetu kwa shauku kubwa na na wakuu wa idara kwa mashaka makubwa. Pande zote mbili huichukulia kuwa suala la ufundi na bei. Mimi ninaiona pia kuwa suala la historia, kwa sababu si mara ya kwanza kwa Tanzania, wala kwa Hanang, kupokea mtambo uliobuniwa kwingine. Kumbukumbu zetu zinaonyesha nini hutokea baada ya mtambo kufungwa, hotuba kutolewa na wageni kuondoka.

Hazina, 1965 hadi 1974

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Serikali changa ilitaka hesabu zake ziende haraka, na nia hiyo haikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa kwamba waliopanga mfumo, walioandika programu na walioweza kuzirekebisha walikuwa karibu wote wataalamu wa kigeni. Jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta lilikwama, hesabu zikavurugika, na wahasibu wakarejea kwenye daftari na kalamu.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Leo wanafunzi wangu husoma habari hiyo na kucheka, wakidhani viongozi wa wakati ule waliogopa maendeleo. Nadhani kicheko hicho ni cha haraka mno. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na Hazina ilikuwa imejifunza kwa gharama kubwa maana ya kumiliki mashine usiyoweza kuifungua. Utambuzi wa ugonjwa ulikuwa na ukweli; dawa ndiyo iliyodhuru. Marufuku ilizuia mashine, na kwa kuzuia mashine ikazuia pia vijana ambao wangejifunza kuzitawala. Masharti yalipolegezwa katika miaka ya 1980, tulirudi sokoni tukiwa wanunuzi walewale wa mwaka 1965.

Ngano ya Basotu

Wakati Hazina ikihangaika na kompyuta yake, Hanang ilikuwa na mtambo wake. Wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Mbulu, ilichaguliwa kuwa ghala la ngano la taifa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa katika nyanda za Basotu. Yalifikia saba, na kwa jumla yalichukua takriban ekari 100,000 za ardhi ambayo Wabarabaig waliitumia kwa malisho. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani; wakashinda katika Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985. Aliyeishi juu ya ardhi hakuwa na sauti katika uamuzi wa namna ya kuitumia.

Ninalitaja shamba la ngano katika makala ya kompyuta kwa sababu moja mahususi. Mradi ule haukukosa mafunzo kama ilivyokuwa Hazina. Watanzania walipelekwa Kanada kusoma, na wengi walirudi wakiwa mabingwa wa udongo na mbegu. Ngano nayo ilipatikana. Hata hivyo trekta, kombaini na vipuri vyake vilitoka ng'ambo, na kila kipuri kilihitaji fedha za kigeni. Msaada ulipokoma katika miaka ya 1990, ujuzi ulikuwepo lakini mnyororo wa vipuri ulikatika. Uzalishaji ukashuka, na hatimaye mashamba yakaanza kugawanywa na kubinafsishwa.

Kwa hiyo kisa cha Hazina na kisa cha Basotu hutoa mafunzo mawili tofauti. Cha kwanza kinaonyesha kwamba mtambo bila mjuzi wa hapa hufa. Cha pili kinaongeza kwamba hata mjuzi wa hapa hushindwa ikiwa kila tengenezo linasubiri ridhaa na bei ya mtu aliye mbali.

Uhuria maana yake nini

Hapa ndipo programu huria inapopaswa kueleweka vizuri, maana wengi huiita huria wakimaanisha tu kwamba hailipiwi. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, akidai kwamba mtumiaji anastahili haki ya kuiendesha programu apendavyo, kuuchunguza na kuubadili msimbo chanzo wake, kuigawa, na kugawa pia mabadiliko aliyoyafanya. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha Linux. Viwili hivyo vilipoungana, dunia ilipata mfumo endeshi kamili ambao hakuna kampuni moja iwezayo kuufunga.

Tukiurudisha mfano wa Basotu, programu huria ni trekta ambalo kipuri chake hunakiliwa bure. Halmashauri ya Hanang ikiwa na nakala ya Debian kwenye diski, hakuna msambazaji awezaye kuikatia. Fedha za kigeni zilizowaelemea mameneja wa NAFCO hazihitajiki hapa, ukiacha zile za kununulia mashine yenyewe. Hata mwalimu wa Dongobesh akitaka menyu za kompyuta zisomeke kwa Kiiraqw, leseni inamruhusu kuanza kazi leo bila kuomba kibali cha mtu yeyote.

Lakini somo la Hazina linabaki palepale. Haki ya kufungua mtambo haimsaidii asiye na anayejua kuufungua. Leseni huondoa kufuli, na kazi inayofuata ni yetu.

Mbegu mbili za Chuo Kikuu

Tuna mifano miwili ya nyumbani. Mwaka 2004, wahandisi na wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, waliendesha mradi wa Kilinux. Desemba ya mwaka huo walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Maneno yaliyokuwa yakisemwa kwa Kiingereza pekee yalipata Kiswahili chake, na ikathibitika kwamba lugha yetu haina upungufu mbele ya kompyuta.

Hata hivyo ukizunguka ofisi zetu leo, utapata tabu kumkuta mtumishi anayeikumbuka. Programu haitafsiriwi mara moja kama kitabu. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na OpenOffice yenyewe mwaka 2010 iligawanyika, tawi la LibreOffice likachukua sehemu kubwa ya waendelezaji. Kazi kama hiyo humhitaji mtu ambaye mshahara wake unamtaka aifanye mwaka baada ya mwaka. Sisi tulikuwa na mradi, na mradi huwa na tarehe ya mwisho.

Mfano wa pili umefaulu kimyakimya, na watumishi wa afya wa Mbulu na Hanang wanautumia pengine bila kujua jina lake la ukoo. Takwimu za vitabu vya MTUHA, kutoka zahanati ndogo hadi Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huishia katika mfumo wa DHIS2. Hiyo ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Kilichoipa uhai hapa nchini ni kundi la Watanzania katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliojifunza kuibadili kulingana na mahitaji ya Wizara, wakaendelea kuwepo mwaka hadi mwaka. Wizara ikitaka fomu mpya, kuna wa kumpigia simu aliye nchini.

Kilinux na DHIS2 zote zilikuwa huria, zote zilipata msaada wa Skandinavia, zote zilipitia chuo kilekile. Tofauti yake ni kwamba moja ilipata mahali pa kudumu ndani ya kazi ya kila siku ya Serikali, na nyingine haikupata.

Kutoka historia kwenda mezani

Wapo watakaonikumbusha mji wa Munich, Ujerumani. Uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukahamisha takriban kompyuta 15,000, kisha mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Kisa hicho ni halali kukitaja. Kinaonyesha kwamba hata mji tajiri huweza kurudi nyuma pale viongozi wanapobadilika na watumiaji wanapolalamika juu ya nyaraka zisizofunguka sawasawa. Anayedhani uhamiaji ni suala la kuchomeka flashi na kubonyeza kitufe, akisome.

Hali yetu hata hivyo ina nafuu ambayo Munich ya mwaka 2003 haikuwa nayo. Kazi kubwa ya mtumishi wa halmashauri leo hufanyika ndani ya kivinjari. Malipo yapo MUSE, ununuzi upo NeST, na taarifa zake za utumishi zipo ESS. Kwa meza ya namna hiyo, mfumo endeshi ni sakafu tu ya kusimamia. Vinavyobaki kuwa vigumu ni printa na skana za zamani, majedwali ya Excel yenye makro, na mazoea.

Kwa hiyo ninapendekeza yafuatayo, kwa mpangilio ambao historia inauelekeza.

Kwanza, jambo hili lipitie Kitengo cha TEHAMA na lizingatie Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 pamoja na miongozo ya Mamlaka yake. Mtumishi anayejibadilishia mfumo kwenye mashine ya ofisi, hata kwa nia njema, anaiachia ofisi mtambo ambao ni yeye peke yake anayeujua. Akihamishwa, ni Hazina ya mwaka 1965 tena.

Pili, ianze meza moja au mbili, si jengo zima. Mifumo mingi huria huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Hivyo printa, skana, mtandao na nyaraka za idara vijaribiwe kwanza, na nakala za akiba zichukuliwe kabla ya kufuta chochote. Meza ya uhasibu iwe ya mwisho.

Tatu, kipuri kikae wilayani. Mtandao wa Basotu au Yaeda Chini si wa kutegemea kupakua masasisho yaleyale mara kumi kwa kompyuta kumi. Seva moja ndogo ya halmashauri huweza kuyapakua mara moja na kuzigawia mashine nyingine. Mbulu yenye halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na jirani yake Hanang, zinaweza kuitunza hazina hiyo kwa pamoja.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, fedha inayookolewa kwenye leseni na mashine mpya isipotee katika mafungu mengine. Sehemu yake ielekezwe kwa watu: mafunzo ya maafisa TEHAMA, nafasi za mazoezi kwa vijana wa vyuo vya ufundi, na angalau watu wawili katika kila halmashauri wanaoujua mfumo kiasi cha kuurekebisha bila kupiga simu Dar es Salaam. Ninasema wawili kwa sababu mmoja huhamishwa.

Diwani anayeletewa pendekezo la kuhamia mfumo huria ana haki ya kuuliza litaokoa shilingi ngapi. Ninamwomba aongeze swali la pili: mwaka wa tatu, mashine hii ikigoma asubuhi ya siku ya kufunga hesabu, ni nani atakayekuja kuifungua, na anaishi wapi? Pendekezo lisilo na jibu la swali hilo lirudishwe kwenye idara likaandikwe upya.