Winchi ifungwe mbele au nyuma? Historia ya swali la zamani

Ukiuliza mafundi wanaoandaa magari ya porini winchi ifungwe wapi, wengi watakujibu bila kufikiri mara mbili: mbele, kwenye bampa. Ukiwauliza kwa nini, utaambiwa ndivyo inavyofanyika. Lakini kumbe winchi imewahi kukaa tumboni mwa mashine, nyuma ya kebini, hata kwenye ncha ya injini! Haikuhamahama kwa bahati tu. Kila kizazi cha wahandisi kilikuwa kinajibu maswali mawili: nguvu ya kuzungusha ngoma ya waya inatoka wapi, na tunayetaka kumnasua ni nani?

Tuanzie mashambani Uingereza. Mwaka 1858 John Fowler alishinda tuzo ya pauni 500 ya Royal Agricultural Society kwa jembe linalovutwa na injini ya mvuke. Injini zenyewe zilikuwa nzito mno kupita kwenye udongo laini, kwa hiyo zilibaki pembeni mwa shamba na kulivuta jembe kwa waya. Katika mfumo uliokuja kuenea baadaye, injini mbili zilisimama kila moja upande wake, zikivuta jembe kwa zamu. Ngoma ya waya ilikaa wapi? Ililazwa chini ya boila. Hapo shafti ya injini iliifikia kwa gia chache, na waya ulitokea ubavuni, karibu na ardhi. Hilo la kukaa chini ni muhimu. Mashine ndefu kwenda juu ukiivuta ubavuni kwa waya uliofungwa juu, unaikaribisha kuanguka.

Sasa turuke hadi Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Marekani lilikuwa na gari dogo la mizigo la Dodge, aina ya WC-51. Ndugu yake, WC-52, alikuwa karibu kila kitu sawa, ila alikuwa na winchi mbele. Ili winchi hiyo ipate nafasi, chesisi ilirefushwa kwa mbele na gari zima likaongezeka zaidi ya sentimita 20. Nguvu ilitoka kwenye giaboksi, ikapita kwenye shafti ndefu chini ya injini hadi kwenye ngoma. Kwenye shafti hiyo kulikuwa na pini iliyotengenezwa ikatike mzigo ukizidi. Yaani bora ukatike msumari wa bei rahisi kuliko uvunje gia, au waya ukakatika na kumpiga mtu.

Kwa nini mbele? Kwa sababu dereva wa gari lile alitarajia kujinasua mwenyewe akiwa anasonga mbele. Linganisha na Scammell Pioneer ya jeshi la Uingereza katika vita hiyohiyo. Hili lilikuwa gari la kuvuta mizinga na kuokoa magari mengine, na winchi yake ilikaa nyuma ya kebini, waya ukitokea nyuma. Muokoaji hutakiwa asimame pakavu, aelekeze mgongo kwa mwenye shida, kisha avute. Vita moja, winchi mbili, majibu mawili tofauti, na yote yako sahihi.

Baada ya vita ikaja Land Rover, mwaka 1948. Mnunuzi aliweza kuongezewa winchi ya kusimama mbele, ile ambayo kamba inazungushwa mara chache tu kwenye kigogo cha chuma na mtu anaivuta kwa mkono. Ilichukua nguvu moja kwa moja kwenye ncha ya mbele ya shafti kuu ya injini. Wakulima waliohitaji kuvuta magogo waliweza pia kupata winchi ya nyuma, iliyoendeshwa na giaboksi. Kwa mara nyingine, shafti ndiyo iliyopanga mahali pa winchi.

Halafu umeme ukabadilisha mchezo. Winchi ya umeme haihitaji shafti, waya tu. Mwaka 1974 kampuni ya Warn ya Marekani ilitoa modeli ya 8274, iliyopendwa sana na watu wa safari. Ungedhani sasa winchi ingefungwa popote. Hebu tupige hesabu. Winchi ikivuta mzigo mzito inaweza kula ampea 400 kutoka betri ya volti 12. Ukiifunga nyuma, waya wa shaba wa milimita mraba 50 utasafiri kama mita 5 kwenda na 5 kurudi, na utapoteza karibu volti 1.4 njiani. Ukiifunga mbele, mita 1.5 kutoka kwenye betri, unapoteza kama volti 0.4 tu. Shafti iliondoka, lakini betri iko chini ya boneti, kwa hiyo winchi ikabaki palepale mbele.

Mbele nako kuna gharama. Tuseme winchi na fremu yake zina kilo 60, ziko sentimita 90 mbele ya ekseli ya mbele, na umbali kati ya ekseli mbili ni mita 2.7. Kwa kanuni ya wenzo, ekseli ya mbele inaongezewa kilo 80, na ya nyuma inapunguziwa kilo 20. Springi zitakwambia. Kimo nacho kina hesabu yake: ukivuta kwa nguvu ya kilo 2,000 kwenye tambarare, waya ukiwa sentimita 90 juu ya ardhi, mzigo wa kama kilo 670 unahamia kwenye tairi za mbele, zilezile zilizozama! Ukishusha waya hadi sentimita 60, unabaki kama kilo 440. Ila ukishusha sana, winchi inagonga mawe na kunywa maji. Na ukiipandisha mbele ya rejeta, injini inakosa hewa.

Kuna kasoro moja ambayo hesabu haionyeshi. Winchi ya mbele inakuvuta kuelekea kulekule ulikokwamia. Kama mbele ni kinamasi, kila mita unayovutwa inakuzamisha zaidi, wakati ardhi ngumu uliyotoka iko nyuma yako.

Kwa hiyo kabla hujamwambia fundi atoboe chuma, jiulize maswali ya wahandisi wale. Unasafiri peke yako, au ndiye unayeokoa wenzako? Njia zako zina mahali pa kurudi? Vyovyote utakavyojibu, winchi ishikwe na chesisi, si bati la bampa. Kisha beba kapi, kwa sababu kapi moja linakuruhusu kugeuza upande wa kuvuta bila kuihamisha winchi. Hapo swali la mbele au nyuma linapungua ukali wake.