Maudhi si Madhara

Wiki iliyopita nilitiwa mkononi kijikaratasi cha dawa za kifua kikuu. Katikati, kwa herufi nzito: "athari za pembeni". Pembeni mwa nini? Mgonjwa amemeza kidonge, tumbo linachafuka, kichwa kinamzunguka. Hapo pembeni ni wapi? Aliyelitunga alikodolea macho Kiingereza cha wenyewe, mgonjwa akamsahau.

Wapo wengine, wakubwa kwa vyeo, wanaong'ang'ania "madhara". Hao angalau wanasema Kiswahili, ila wanasema wasilolikusudia. Madhara ni ndugu wa kudhuru na kudhurika, mzizi wa Kiarabu usio na mzaha. Athari nayo asili yake ni alama, mfano wa unyayo uliobaki mchangani. Lakini tangu tuanze kuwaita watu "waathirika", neno zima limeingia giza.

Mimi nasimama na maudhi. Sikulibuni. Wauguzi wa kliniki za uzazi wa mpango Tanzania wamezoea kusema "maudhi madogo madogo", na mama akisikia anajua kichefuchefu hicho kinavumilika. Limetokana na kuudhi, na jamaa zake ni udhia na adha. Lisichanganywe na udhu wala udhuru, ambayo kila moja lina mzizi wake. Mjumbe mmoja wa kamati iliyokaa kuchagua istilahi hiyo aliyachanganya yote matatu mbele yangu, na posho akapokea. Hoja yangu ikajibiwa kwamba hilo ni "neno la mtaani". Kumbe kliniki nayo ni mtaa!

Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, hugeuza mkojo ukawa na rangi ya chungwa. Jirani yangu aliuona wa kwake, akasoma "madhara" kwenye karatasi, na dozi ya miezi 6 akaikatiza wiki ya tatu. Mkewe, aliyekuwa akimhesabia vidonge kila asubuhi, naye alisoma lilelile, akaogopa kumhimiza. Mkojo ule ni maudhi. Macho yakiwa manjano, au ethambutoli, dawa mwenzake, ikimfanya mtu asitofautishe nyekundu na kijani, hayo ndiyo madhara. Kwa kifupi muuguzi aseme: maudhi, endelea kumeza; madhara, njoo leo hii.

Kamati ikikaa tena, naomba nialikwe. Ikishindikana, basi aalikwe muuguzi mmoja, na posho yangu apewe yeye.