Yai la Samaki na Ushahidi wa Tope: Historia Fupi ya Kupima Mashapo katika Ziwa Tanganyika

Neno mashapo hutaja masalio yanayotuama chini ya chombo baada ya kimiminika kutulia. Ziwa Tanganyika ni chombo chenye kina cha mita 1,470, na mto mmoja tu hutoka humo, yaani Lukuga, unaoanzia Kalemie. Kwa hiyo tope linaloingia aghalabu hubaki.

Huko Moba, iliyoitwa Baudouinville baada ya Mapadri Weupe kuweka misheni yao mwaka 1893, mto Mulobozi huteremka kutoka milima ya Marungu. Misitu ya kandokando ya mito ya huko imeharibiwa na ukataji wa miti na malisho ya ng'ombe. Udongo usio na kizuizi hufuata maji, nao huweza kubeba dawa za mashambani.

Madhara ya udongo yalichunguzwa kwanza kwa kuhesabu viumbe. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walilinganisha sehemu za ziwa zilizo chini ya mabonde yaliyofyekwa na zile zilizo chini ya misitu. Katika sehemu za kwanza aina za viumbe zilikuwa chache zaidi. Mwaka 2002 utafiti wa upande wa Burundi ulibainisha mabaki ya DDT katika samaki. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Juni, nchi nne za ziwa zilitia saini mkataba wenye kifungu mahsusi kuhusu mashapo.

Hata hivyo, kuhesabu huonyesha hasara iliyokwisha kutokea, wala hakuonyeshi kama tope liliua kwa kufunika au kwa sumu. Kipimo cha kutenganisha mambo hayo kilikuzwa kwingineko. Nchini Ujerumani, maji taka yalipimwa kwa samaki hai hadi mwongozo wa mwaka 2001 ulipoweka mayai ya samaki danio mahali pao. Mwaka 2003 Henner Hollert na wenzake walieleza namna ya kuyaweka mayai hayo juu ya mashapo yenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2013, uliohusu kemikali ndani ya maji, ulitaja dalili nne za kifo katika saa 96: kiinitete kuganda, pingili za mwili kutofanyika, mkia kutoachana na kiini cha yai, na moyo kutopiga.

Ziwani, samaki kuhe hutaga mayai sakafuni na kuyalinda. Anaweza kumfukuza adui mwenye meno, lakini si tope. Danio si kuhe, na kipimo huhitaji tope safi la kulinganishia. Lakini mayai yakifa katika tope la mtoni na kupona katika tope safi la chembe zilezile, shaka huelekea kwenye sumu. Hapo mkulima na mvuvi wa Moba wataweza kujua kama dawa ni kupanda miti kandokando ya mto peke yake, au pia kubadili kinachonyunyizwa shambani.