Pikapu za Mkia Juu: Historia Fupi ya Springi, Perege na Wahunzi wa Upare

Leo naomba niachane kidogo na siasa za Dodoma, nizungumzie springi za gari. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Subirini kwanza.

Ukifika Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata au Kirya, utakutana nazo: pikapu kuukuu, mkia juu kama nge, zikisubiri kupakia samaki. Sisi wa mjini tunaziona kichekesho. Mimi nasema zile ni historia inayotembea, na kuna haja ya kuisoma kabla ya kuicheka.

Tuanze na chuma chenyewe. Upare ulijua chuma karne nyingi kabla ya gari la kwanza kufika. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, ameeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno, walivyotawala mpaka Wasuya walipowapindua. Utawala ulikwenda, ufundi ukabaki. Vyuma vya Ugweno viliuzwa hadi Uchagani. Baadaye chuma cha Ulaya kikaingia kwa bei rahisi na tanuri za kuyeyusha zikazimika. Mhunzi hakukata tamaa, akageukia vyuma chakavu. Gari lilipokuja na kufa, springi yake ikawa malighafi nzuri ya panga na kisu.

Katikati ya miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye mto Pangani. Lilikusudiwa umeme na umwagiliaji, lakini neema ya kwanza watu walioiona ilikuwa perege. Wavuvi wakamiminika kutoka kila kona. Samaki hasubiri, na barabara za tambarare ile ni vumbi na makorongo kiangazi, tope masika. Zama zile sifa zilikuwa za Land Rover 109 na Peugeot 404. Hiyo Peugeot ndiyo Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania, alishinda nayo mbio za East African Safari mwaka 1966 na 1967. Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968.

Halafu mambo yakaharibika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983. Vita vya Kagera vikaja 1978, bei ya mafuta ikapanda 1979, fedha za kigeni zikakauka. Waulizeni wazee wenu: sabuni ilikuwa anasa, sembuse springi mpya! Gari lililolala nyuma kwa mizigo lilikuwa na tiba moja tu, nayo ni kufungua springi ya gari lililokufa, kukata bamba moja kwa kipimo na kuliongeza kwenye la mgonjwa. Mkia ukainuka. Hakuna aliyetafuta urembo, watu walitaka mzigo ufike.

Mwaka 1984 serikali, Waziri wa Fedha akiwa Cleopa Msuya, mwana wa Usangi, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Baada ya hapo mitumba ya Japani ikaanza kuingia. Nyingi zilikuwa pikapu za chini chini, zilizotengenezwa kwa ajili ya lami. Ufundi uliozaliwa na shida ukapata kazi mpya, yaani kuzinyanyua zisikwaruze tumbo kwenye makorongo.

Kwa mwenye bajeti ndogo, njia ni zile zile. Kwanza badilisha bushi zilizokwisha, maana wakati mwingine ugonjwa wote uko hapo. Pili, mabamba yaliyonyooka yakunjwe upya, lakini bila moto. Springi imepikwa kiwandani ikapewa ugumu wake. Ukiichoma na kuiacha ipoe ovyo, italala tena au itakatika. Tatu, ongeza bamba moja na boliti ndefu zaidi za kulifunga. Nne, kuna kipande cha chuma kinachowekwa kati ya ekseli na springi. Hicho ni cha nyuma tu, kisiwekwe mbele kabisa, kwa sababu breki na usukani vinaweza kukisukuma kikahama. Zenye tosheni baa mbele huinuliwa kwa kukaza boliti, kidogo tu, kisha magurudumu yapimwe upya. Na usisahau mpira wa breki. Gari likipanda na mpira ukabaki mfupi, siku moja utachanika.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Kunyanyua gari hakuliongezei uwezo. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, na uzito sasa umekaa juu zaidi, kwa hiyo kwenye kona linapinduka upesi. Lakini springi ngumu haioneshi kuwa gari limezidiwa. Zamani pikapu ililala na dereva akajua. Siku hizi inasimama wima ikiwa na tani mbili za samaki na akina mama wachuuzi wamekaa juu ya matenga. Ikipinduka, sisi waandishi tunaandika "mwendo kasi" na kufunga habari.

Hao akina mama ndio wanaobeba hatari yote, na perege wao ndio tunaokula Moshi na Arusha. Tatizo si fundi wa chini ya mti. Yeye ni mrithi wa ujuzi ulioendesha magari wakati nchi haikuwa na kitu. Tatizo ni kwamba tumemwachia kazi ya uhandisi bila kumpa kipimo, mafunzo wala heshima. Wapare wa kale walimwogopa mhunzi kwa sababu walijua kazi yake ina nguvu ya uhai na kifo. Sisi tuna digrii, na bado tunamlipa elfu chache bila hata kumuuliza lile bamba kalitoa kwenye gari gani.