Kabla ya Opera Mini Kulikuwa na Betsie: Stori ya Programu Iliyofuta Picha Kwenye Intaneti

Kama ulisoma sekondari enzi za Nokia za batani, Opera Mini unaijua vizuri. Unanunua bando la MB chache, unazima picha, unafungua mtandao chini ya dawati huku mwalimu anaandika ubaoni. Ukurasa unakuja chap, maneno matupu, na bando linadumu hadi Ijumaa. Wengi waliamini kwamba ule ujanja wote unafanywa na simu. Kumbe simu ilikuwa inapokea tu chakula kilichokwishatafunwa. Kazi ilifanyika kwenye seva za kampuni huko mbali: ndizo zilizouchukua ukurasa mzima, zikauminya, kisha zikakutumia kipande kidogo.

Opera Mini iliachiwa kwa dunia nzima Januari 2006. Lakini wazo lenyewe, la kuweka programu katikati ya msomaji na tovuti ili imtayarishie ukurasa mwepesi, lilikuwa limeshafanya kazi kwa miaka kadhaa pale BBC. Na waliolengwa hawakuwa wanafunzi wenye bando dogo. Walikuwa watu wasioona. Programu hiyo iliitwa Betsie, jina tamu kama la bibi wa jirani, na leo ukiwauliza watu kumi wa teknolojia, labda mmoja ndiye atakayekwambia anaikumbuka.

Ili uelewe kwa nini ilihitajika, rudi nyuma kidogo.

Mwishoni mwa 1990, kwenye kituo cha utafiti cha CERN karibu na jiji la Geneva, kulikuwa na binti wa Kiingereza aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Alikuwa anasoma hisabati na chuo hajamaliza. Wavuti ndiyo kwanza inazaliwa, na brauza pekee iliyokuwepo ilikuwa inakubali aina moja tu ya kompyuta, ya bei mbaya. Huyu binti akapewa kazi ya kuandika brauza ambayo ingefunguka kwenye kompyuta yoyote ile, hata yenye skrini ya maandishi tu. Akaiandika. Haikuwa na picha wala rangi wala mausi. Linki zilikuwa na namba. Unaandika namba, unabonyeza, unasonga mbele. Kwa hiyo watu wengi wa mwanzo kabisa walioiona wavuti waliiona kwa maandishi matupu. Mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Kansas huko Marekani kikatoa Lynx, brauza nyingine ya maandishi, ambayo hadi leo kuna watu wanaitumia.

Mwaka 1993 vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois wakatoa Mosaic, brauza iliyoweka picha ndani ya ukurasa, pembeni ya maneno. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Watu wakachanganyikiwa na picha. Kila kampuni ikataka nembo yake imeremete, kila kitufe kikawa picha, menyu ikawa picha, mpaka kichwa cha habari kikachorwa kama picha ili herufi zipendeze.

Sasa kaa kwenye kiti cha mtu asiyeona. Enzi hizo tayari kulikuwa na programu za kusoma skrini kwa sauti. Maarufu kuliko zote, JAWS, ilianzishwa na jamaa ambaye stori yake peke yake inatosha filamu: alikuwa dereva wa mashindano ya pikipiki, akapoteza macho kwenye ajali ya gari mwaka 1978, akajifunza kuandika programu, na mwaka 1989 akaitoa JAWS ya kompyuta za DOS. Ya Windows ikafuata mwaka 1995. Programu ya aina hii inasoma maneno. Ikikuta picha isiyo na maelezo, inasema tu "picha", au inakusomea jina la faili, herufi na namba zisizoeleweka. Na kwa kuwa menyu ndefu iliwekwa kushoto, habari unayoitaka inasomwa mwisho, baada ya kusikiliza "Mwanzo, Michezo, Hali ya hewa, Wasiliana nasi" na linki nyingine arobaini. Ukifungua ukurasa wa pili, zile arobaini zinaanza upya. Jaribu kusikiliza hivyo siku nzima uone kama hutatupa kompyuta dirishani.

Ndipo anapoingia mtaalamu mmoja wa kuandika programu wa BBC. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kushirikiana na taasisi ya Uingereza ya watu wasioona, RNIB, akaandika Betsie. Jina ni kifupi cha maneno marefu ya Kiingereza yenye maana ya kiboreshaji cha intaneti kwa wanaosomewa kwa sauti. Ilikuwa hati ya lugha ya Perl, inakaa kwenye seva, si kwenye kompyuta ya msomaji. Hilo lilikuwa jambo la maana sana. Mtu asiyeona alikuwa haombwi kununua chochote wala kusakinisha chochote. Anabonyeza linki moja tu, kazi inafanyika upande wa pili.

Ilifanyaje? Inauchukua ukurasa kama ulivyo, inatoa picha na kuacha yale maelezo yake kama yapo, inavunja majedwali yaliyotumika kupanga ukurasa, inajitahidi kuleta habari yenyewe juu na kusukuma menyu chini. Kwa wale wenye uoni hafifu, kulikuwa na sehemu ya kuchagua rangi na ukubwa wa herufi, mfano njano juu ya nyeusi. Halafu kuna ujanja mmoja mdogo ambao ndio ulioibeba kazi yote: Betsie inabadilisha kila linki iliyomo ndani ya ukurasa, ili ukibonyeza, ukurasa unaofuata nao upitie kwa Betsie kwanza. Yaani ukishaingia, unatembea tovuti nzima bila kutoka kwenye maandishi. BBC wakaitoa bure, na mashirika mengine yakaichukua na kuiweka kwenye seva zao.

Hadi hapo ni stori nzuri. Utamu umeishia hapo pia, maana programu ya aina hii haimaliziki kutengenezwa.

Fikiria kazi yake. Inakaa katikati, inakisia ukurasa umepangwaje. Siku wabunifu wa tovuti kuu wakihamisha menyu kutoka kushoto kwenda juu, makisio yanaharibika. Wakileta vitufe vya JavaScript, Betsie haina cha kufanya navyo. Wakileta Flash, ndiyo kabisa, ndani ya Flash hakuna maneno ya kuchomoa. Kwa hiyo kila tovuti kuu inapopendeza zaidi, mtu wa Betsie anarudi mezani kurekebisha. Matoleo yakafuatana, 1.5 hii, 1.5 ile. Na kila shirika lililoichukua bure lilitakiwa kuipandisha toleo lenyewe. Nani anakumbuka kufanya hivyo? Msimamizi wa seva anaona kwa macho yake. Asubuhi anafungua tovuti ya kawaida, inang'aa, anakunywa chai. Ule mlango wa maandishi hapiti, kwa hiyo ukivunjika hajui.

Mwaka 2002 ikathibitika kwamba tatizo haliishii kwenye ukurasa kukaa vibaya. Likatangazwa tundu la usalama kwenye Betsie toleo la 1.5.11 na yote ya nyuma yake, ndani ya faili lake kuu lililoitwa parserl.pl. Kwa lugha ya mtaani ni hivi: linki ya Betsie ilikuwa na anwani ya ukurasa mwingine ndani yake. Mtu mbaya angeweza kuchomeka maagizo ya kompyuta humo, akakutumia linki, nawe ukabonyeza. Betsie ingeyarudisha maagizo yale bila kuyasafisha, na brauza yako ingeyatekeleza kwa kudhani yametoka kwenye tovuti unayoiamini. Kwa njia hiyo mtu anaweza kukuibia kuki, ile taarifa inayoiambia tovuti kwamba wewe ndiye wewe. Dawa ilikuwa moja, kupandisha toleo.

Angalia vizuri nani aliyekuwa hatarini hapo. Linki za Betsie kwa kawaida yake zilikuwa ndefu na za ajabu, kwa hiyo anayesomewa kwa sauti hakuwa na namna rahisi ya kuitofautisha linki safi na iliyopikwa. Zote zinasikika kama kelele. Mtu aliyejengewa mlango wake maalumu kwa nia njema ndiye aliyebaki na kitasa kibovu, na aliyetakiwa kukirekebisha alikuwa hapiti mlango huo. Bahati mbaya hii haikuwa kosa la aliyeiandika. Matundu ya aina hiyo yalijaa kwenye programu kibao za miaka ile. Lawama inawahusu zaidi waliosakinisha wakasahau.

Wakati huohuo, mahakamani na kwenye tume mambo yalikuwa yanachemka. Australia kulikuwa na mwanamume asiyeona tangu kuzaliwa aliyetaka kusoma ratiba na matokeo ya Olimpiki ya Sydney kama raia mwingine yeyote. Tovuti ya michezo ikamshinda. Akalalamika mwaka 1999 kwenye tume ya haki za binadamu. Waandaaji wakajitetea kwamba kurekebisha kungegharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Mashahidi wataalamu wakasema kazi ni ndogo kuliko hivyo. Agosti 2000 jamaa akashinda, na tovuti isiporekebishwa yote kama ilivyoamriwa, akalipwa fidia ya dola 20,000. Mtu mmoja tu, na kampuni zikaanza kuulizana maswali.

Marekani nako, kanuni zilizoanza kutumika Juni 2001 kwa tovuti za serikali kuu zikaruhusu ukurasa wa maandishi tu pale ambapo njia nyingine zote zimeshindikana, tena kwa sharti: ukurasa mkuu ukibadilika, wa maandishi nao ubadilike. Aliyeandika sharti hilo bila shaka alikuwa ameshakutana na kurasa za maandishi zenye habari za mwaka juzi.

Sharti hilo liligusa kidonda chenyewe. Mfano mzuri ni duka kubwa la Uingereza, Tesco, ambalo mwaka 2001 lilifungua tovuti ya pili, nyepesi, kwa wateja wasioona. Iligharimu pauni 35,000 na ikaja kuingiza mamilioni, kwa sababu hata wanaoona waliipenda kwa wepesi wake. Lakini wateja wakagundua kwamba ofa nyingine za tovuti kuu huku hazipo. Yaani mwenzako ananunua kwa punguzo, wewe unalipa bei kamili kwa sababu umeingilia mlango wa nyuma. Watetezi wa wasioona wakaanza kusema wazi kwamba hawataki tovuti yao pembeni, wanataka tovuti ileile ijengwe vizuri: picha ziwe na maelezo, vichwa vya habari viwe vichwa kweli, mpangilio na rangi vitenganishwe na maneno. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1999 ulikuwa umeshaanza kusema hivyo, na wa Desemba 2008 ukakazia. Kadiri tovuti kuu zilivyonyooka, kazi ya Betsie ikapungua. Hakuna aliyeifanyia sherehe ya kuaga.

Ila zile shida zake zikahamia kwenye simu za watoto wa Dar, Nairobi na Kampala. Ile Opera Mini ya chini ya dawati ilikuwa na tabia zilezile. JavaScript iliendeshwa kwenye seva kwa muda mfupi, kisha ukapewa matokeo, ndiyo maana menyu nyingine zilikataa kufunguka hata ubonyeze vipi. Na kwa kuwa seva ilipaswa kuufungua ukurasa ili iuminye, hata kurasa zilizofungwa kwa usalama zilifunguliwa katikati ya njia. Ulikuwa unaandika nenosiri lako kwa kuiamini kampuni ambayo hukuwahi kuifikiria. Oktoba 2014, huduma ya bure ya Facebook na washirika wake ilipoingia Tanzania kupitia Tigo, zikaja kurasa nyepesi zile, za kupita kwenye seva ya kati, na safari hii anayekaa katikati ndiye aliyekuwa anaamua tovuti zipi ziingie.

Septemba 2017 kimbunga Irma kilipopiga Florida, umeme ukakatika na mitandao ikazidiwa. Vyombo vya habari vya Marekani, CNN na NPR, vikawaelekeza watu kwenye kurasa zao za maandishi matupu, orodha ya vichwa vya habari na linki, basi. Watu wanaoona vizuri kabisa, wenye simu za bei kali, wakawa wanasoma tahadhari za kimbunga kwa namna ileile ambayo Betsie ilikuwa inawatayarishia wasioona wa Uingereza. Kurasa hizo mbili ziliendelea kuwa hewani baada ya kimbunga kupita, na zinafunguka hata kwenye Lynx.