Makali Yakipungua, Dawa Huachwa?

Juzijuzi nikiwa Bodo, nikingoja mashua ya kuvukia Funzi, mvuvi mmoja tuliyesoma naye chuoni utotoni aliniambia ameacha dawa zake za VVU. "Mwalimu, si ni za kupunguza makali? Basi yangu yamepungua. Nimeze za nini tena?" Nilikosa jibu, nami ndiye ninayeitwa bingwa wa lugha!

Ugonjwa huu ulipotambuliwa nchini Kenya mwaka wa 1984, Kiswahili hakikuwa na jina lake. Kagera, Tanzania, uliitwa juliana, jina la nguo iliyovuma enzi hizo. Wamijikenda nao walikuwa na chirwa, maradhi ya kukonda yanayohusishwa na uvunjaji wa miiko ya ndoa. Wapo walioona kwamba ni yaleyale. Hatimaye likaja ukimwi. Wengine hulifumbua kuwa ukosefu wa kinga mwilini. Mimi nashikilia upungufu, kwa sababu kinga haiondoki kwa siku moja. Virusi huvamia seli za CD4, zikapungua polepole, pengine kwa miaka.

Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Dawa zilikuwapo ng'ambo, bei haishikiki. Sheria ya mwaka wa 2001 ilifungua mlango wa kuagiza za bei nafuu. "Kupunguza makali" kulikuwa na mantiki wakati huo, maana wengi walianzishiwa dawa kinga ikiwa imeshaporomoka na maradhi yamewakaba. Tangu 2016 Kenya humwanzishia dawa kila anayepatikana na virusi, hata akiwa mzima wa afya. Utaratibu ulibadilika, istilahi ikabaki palepale.

Jirani zetu wa Tanzania husema "dawa za kufubaza virusi". Naipenda zaidi (ingawa nao huchomekea hayo makali), kwani dawa huzuia virusi visizaane. Vilivyojificha ndani ya seli haziving'oi. Ukiziacha, vinarudi, aghalabu baada ya wiki chache tu. Ukizimeza kila siku hadi kipimo kisivione, humwambukizi mwenzio kwa tendo la ndoa.

Nikamwuliza rafiki yangu, "Chombo kinachovuja, ukishayatoa maji kikakauka, unatupa kata?"

"Hata! Si tutazama."

"Basi ndiyo dawa yako hiyo."

Akanyamaza kitambo, akitazama mikoko. Kisha akauliza kama kliniki hufunguliwa Jumamosi.