Utu Ndani ya Kompyuta

Mwaka 2004 wastahili kukumbukwa na wapenzi wa Kiswahili. Oktoba ilizaliwa Ubuntu, mfumo endeshi huria wa familia ya Linux, uliopewa neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu. Shina lake ndilo la “mtu” wetu na “munu” wa Kimakonde. Desemba, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi kwa Kiswahili. Hakuombwa mtu ruhusa: programu huria humruhusu yeyote kuitafsiri.

Familia ya Masasi au Newala yenye kompyuta mpakato kuukuu na ijaribu Xubuntu, ambayo eneokazi lake, Xfce, haliilemei mashine. Mapengo ya tafsiri yangalipo. Kuyaziba kwatungoja sisi wenye lugha.